Daftari la Stoo

Ukitaka kujua tulivyoanza, usiulize ofisini.
Ofisini wana kombe la bati na picha iliyopauka.
Njoo stoo, kwangu mimi Kitonyi,
niliyehesabu mifagio na chaki miaka ishirini na sita.
Fungua daftari, mwaka wa mvua ya El Nino,
ukurasa ule ulioliwa pembe na panya:

Mpira, mmoja. Umeletwa na Mwalimu Kwamboka. Mshahara wake.

Alifundisha hesabu. Mfupi, sauti ndefu.
Tulikuwa Njiru, mwisho wa lami,
pale Nairobi inapovua viatu
ikaanza kukanyaga udongo mweusi.
Watu wa mjini walituita kijiji,
na jamaa zetu wa mashambani walituomba pesa kama watu wa mjini.
Madarasa sita, choo kilichoinama,
na uwanja... tuseme kweli, hapakuwa na uwanja.
Palikuwa na mteremko
na machimbo ya mawe nyuma ya ua.

Bwana Irungu, mkuu wa shule, alisema:
"Mpira hauna swali kwenye mtihani."
Kwamboka akamjibu:
"Hata njaa haina, na tunaijibu kila siku."

Nikaandika nilivyotoa.
Majembe, tisa. Yamerudi saba.
Mabomba ya maji, manne,
ya yule mkandarasi aliyetuahidi bomba, akala malipo, akahama.
Hayakuwahi kupitisha tone. Tukayasimamisha milingoti.
Mtambaapanya: kamba ya katani,
ikilegea kila jua la adhuhuri.
Majivu ya jikoni, debe tatu, ya mistari.
Majoho ya kwaya, kumi na moja, zambarau.
(Kwaya ilivunjika kwa ugomvi wa sauti ya tatu,
sitaki kuyarudia.)
Fundi Zuhura akayakata kiunoni,
akaandika namba kwa kiwi nyeupe ya viatu.

Wageni walikuja na basi lenye jina lao ubavuni.
Mvua nayo ikaja.
Kufikia mapumziko hapakuwa na mwenye namba,
kumi na moja, wote zambarau, wote matope,
refa akiwaita "wewe" na "wewe yule".

Golini alisimama Ekai.
Jumamosi huyu mtoto alikuwa machimboni na baba yake
akipokea mawe yanayorushwa kutoka chini,
na jiwe hulipokei ukiwa umekazana:
unalivuta kifuani, unarudi hatua moja,
uzito upate pa kwenda.
Basi kila mpira aliudaka. Kila mmoja, naapa.
Akauvuta kifuani,
akarudi hatua moja,
akavuka mstari wa majivu.
Filimbi. Bao.
Tisa kwa bila,
na mpira haukuwahi kumponyoka.

Dakika ya themanini Sifuna akapiga shuti letu la kwanza.
Likapita juu ya kamba, juu ya ua,
tukasikia kimya,
kisha, mbali sana chini, maji.

Mpira, mmoja. Umetoka. Haujarudi.

Wageni walikuwa na mwingine kwenye basi.
Hawakuutaja, wala hatukuuliza.

Jumatatu, kabla ya kengele, mlango ukagongwa.
Baba yake Ekai, nywele zimejaa vumbi la mawe,
suruali imelowa hadi kiunoni,
mpira ndani ya mfuko wa saruji.
Hakuketi. Akauliza:
"Ni kweli walimcheka kwa ile hatua?"
Nikanyamaza.
"Mimi ndiye niliyemfundisha.
Ndugu yangu hakurudi hatua. Ana vidole vitatu."

Kwamboka alikuwa mlangoni, vitabu mkononi.
Hakusema jiwe ni jiwe na mpira ni mpira.
Alichukua chaki, akachora mstari sakafuni pangu,
sakafu niliyokuwa nimetoka kuifagia,
akamwomba yule mzee asimame mbele yake, hatua moja mbele,
akamrushia mpira.
Akadaka, akarudi.
Kisigino kikagusa chaki, kikaishia hapo.
Wakatazamana.

Nilimwomba atie sahihi kwenye "Umerudi".
Akatia dole gumba. Lipo, la kijivu, litazame.

Saa nne Bwana Irungu alipita, akauona mpira mezani,
akauliza ni wa nani.
Nikamwambia: wa stoo.
Akaubonyeza kwa kidole, akasema hauna upepo wa kutosha,
akaenda zake.

Majembe mawili sijayapata hadi leo.